Habasoda, kidonda na kovu: maneno yangu kwa wavuvi na wakaanga samaki wa Igombe

Hotuba hii niliitoa mwaloni Igombe, Ilemela, jijini Mwanza, pale mitumbwi inapotua ufukweni mwa Ziwa Victoria, mbele ya wavuvi, wachuuzi na akina mama wa majiko ya samaki. Nimeiandika karibu kama nilivyoisema, kwa sababu wengi waliomba wapate kuisoma nyumbani na kuwasomea wengine.

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu wa majiko, wachuuzi wa dagaa, vijana wa mitumbwi, mwangaluka. Nawashukuru viongozi wa mwalo kwa kutupa kivuli hiki na muda huu. Najua dagaa walioanikwa hawamsubiri mtu, kwa hiyo nakwenda moja kwa moja kwenye jambo lililonileta.

Mimi ni muuguzi wa chumba cha vidonda. Kazi yangu ni kufungua bandeji, kusafisha, kuangalia na kufunga upya. Na siku hizi, nikifungua kidonda cha mtu aliyetoka mwaloni, mara nyingi harufu inanifikia kabla sijamaliza kutoa shashi: habasoda. Wengine wamepaka mafuta, wengine wamenyunyiza unga, wengine wamechanganya na asali. Ninapouliza kwa nini, majibu ni mawili. Wa kwanza atasema, "Dada, inakausha." Wa pili atasema, "Inazuia kovu." Leo nataka tuyachukue majibu haya mawili kwa uzito wake, maana ndani yake mna ukweli, lakini ukweli huo mara nyingi tunautumia mahali pasipo pake.

Sikuja kuwaambia habasoda ni uongo. Wala sikuja kuiuza.

Mmea wenyewe kitaalamu unaitwa Nigella sativa. Ni jani dogo lenye maua ya samawati hafifu, linalimwa Ethiopia, Misri, India, Uturuki na Syria, na mbegu tunazonunua hapa Mwanza zimesafiri mbali kabla ya kufika dukani. Naomba msizichanganye na mbegu za kitunguu, ingawa kwa macho zinafanana sana. Ni mimea miwili isiyo na undugu. Watu wameitumia habasoda kwa maelfu ya miaka. Mbegu zake zilikutwa kwenye kaburi la Tutankhamun, mfalme wa Misri aliyekufa zaidi ya miaka 3,300 iliyopita. Ibn Sina, tabibu mkubwa wa karne ya 11, aliiandika. Na ndugu zetu Waislamu wanaijua kauli ya Mtume kwamba ndani yake mna shifaa ya kila ugonjwa isipokuwa mauti. Kauli hiyo naiheshimu, na kwangu mimi kuiheshimu ni pamoja na kuuliza: shifaa hiyo inafikaje kwenye kidonda, kwa kipimo gani, na kidonda kikiwa katika hali gani?

Ukizikamua mbegu hizi, karibu theluthi ya uzito wake ni mafuta. Sehemu kubwa ya mafuta hayo ni ya kawaida, yana asidi ya linoleki kama yalivyo mafuta ya alizeti. Kinachoyatofautisha ni sehemu ndogo sana inayopeperuka na kutoa ile harufu kali. Humo ndimo kinamopatikana kitu kinachoitwa thaimokwinoni. Watafiti wa Misri walikitenga miaka ya 1960, na tangu hapo kimechunguzwa katika maabara nyingi duniani. Mwaka 1995 watafiti wa London walionyesha kwamba mafuta ya habasoda na thaimokwinoni huzizuia chembe nyeupe za damu kutengeneza baadhi ya kemikali zinazoleta uvimbe na maumivu. Maabara nyingine zimeonyesha kwamba inaua bakteria kadhaa wa vidonda, akiwemo yule wa majipu ambaye dawa nyingi zinamshindwa siku hizi. Kwa hiyo anayesema habasoda ni maji tu yenye rangi, hajasoma.

Lakini bakteria kufa kwenye kisahani cha maabara ni jambo moja, na kidonda cha mguu wako ni jambo jingine. Ili tuelewane hapo, lazima kwanza tujue mwili unafanya nini unapokatwa.

Ukikatwa, damu inaganda kwanza. Kisha kwa siku chache kidonda kinakuwa chekundu, kinavimba, kina joto na kinauma. Wengi tunadhani huo ni ugonjwa. Hapana, hiyo ni kazi. Chembe za damu zimeingia kula uchafu, bakteria na nyama iliyokufa. Kuanzia siku ya nne au ya tano zinaingia seli nyingine ambazo kazi yake ni kutengeneza nyuzi. Nyuzi hizo ni protini inayoitwa kolajeni. Ninyi mnaijua kazi hii kuliko mimi: nyavu ikichanwa na mamba au jiwe, anayeishona akiwa na haraka anafunga popote anapopata, matundu hayalingani, mafundo yanajaa sehemu moja. Inafanya kazi, inashika samaki, lakini ukiipitisha mkono unajua pale palichanika. Mwili nao unashona hivyo hivyo. Unaanza na kolajeni ya haraka, laini, kisha kwa miezi mingi, wakati mwingine mwaka na zaidi, unafumua na kushona upya kwa kolajeni iliyo imara. Hicho kiraka ndicho kovu. Hata likikomaa vizuri kiasi gani, nguvu yake haifiki ya ngozi ya mwanzo. Inaishia kwenye asilimia 80 hivi. Halioti nywele, halitoi jasho.

Kwa hiyo kwa anayesema "inazuia kovu", jibu langu ni hili: hakuna mafuta yanayofuta kovu. Kinachowezekana ni kulifanya liwe dogo, laini, la bapa, lisilowasha, lisilokunja mkono. Hilo si jambo dogo hata kidogo. Mama aliyeungua kiwikoni na kovu likavuta mpaka mkono haunyooki, huyo hawezi tena kunyanyua karai la mafuta. Kovu kwake ni mkate wa watoto.

Sasa kovu baya linatoka wapi? Linatoka kwenye ile hatua ya pili inapokataa kuisha. Uvimbe ukidumu kwa sababu kuna uchafu, au bakteria, au kidonda kinachubuliwa kila siku, zile seli za nyuzi zinaendelea kupokea amri ya kushona, kushona, kushona. Kwa vidonda vya moto tuna kipimo ambacho wauguzi wote wanakijua: kikipona ndani ya wiki mbili, mara nyingi kovu linakuwa hafifu au halipo, kikipita wiki tatu, jiandae kwa kovu nene. Naomba mlishike hilo kuliko yote nitakayosema kuhusu mafuta. Dawa kubwa ya kovu ni kidonda kupona haraka, kikiwa safi.

Niwaeleze nilichokiona kwa kijana mmoja, mvuvi, ambaye sitamtaja wala kutaja kisiwa anachotoka. Ndoana ya sangara ilimwingia kwenye kiganja, chini ya kidole gumba. Wenzake waliichomoa kwa koleo, akaosha kwa maji ya ziwa pale pale, akajaza unga wa habasoda kwenye tundu mpaka ukajaa, akafunga kwa kitambaa. Damu ikakata, juu pakawa pakavu, peusi, pagumu kama lami. Akaridhika: imekausha. Alipokuja kwetu kiganja chote kimejaa, vidole havikunji. Nililowesha lile gamba jeusi kwa maji ya chumvi ya hospitali, taratibu, likalegea upande mmoja, na usaha ukatoka kwa nguvu. Unga ulikuwa umetengeneza kifuniko. Chini yake bakteria walikuwa wamefungiwa ndani pamoja na uchafu wa ziwa. Tulikuwa tunatoa punje moja moja kwa kibano, maana ule unga ulikuwa umeingia mpaka kwenye mafuta ya chini ya ngozi, na kila punje ni kitu kigeni ambacho mwili unapambana nacho. Mkono ulipona. Lakini kovu alilolipata ni nene, na sehemu kubwa ya unene ule ilitokana na kile alichokiweka ili asipate kovu.

Kwa hiyo jibu la "inakausha" ndilo hili. Ukavu wa juu haukuambii chochote kuhusu ndani. Na kidonda hakipendi kukauka kupita kiasi. Ngozi mpya hutambaa vizuri zaidi mahali penye unyevu kidogo, pasafi, pamefunikwa. Unga wa aina yoyote, uwe wa habasoda, wa majani, wa vidonge vya antibiotiki vilivyosagwa, wa kahawa, usiingie kwenye kidonda kilicho wazi.

Cha kufanya hapa mwaloni ni rahisi na hakina fahari. Kikitoka damu, bana kwa kitambaa safi bila kuchungulia kila dakika. Kisha osha kwa maji mengi ya bomba au yaliyochemshwa yakapoa, na sabuni pembeni ya kidonda. Maji ya ziwa yasitumike kuoshea: humo kuna bakteria wa maji baridi, mmoja anaitwa Aeromonasi, anayependa majeraha ya ndoana na miiba ya samaki, na anaweza kuharibu nyama kwa kasi ya kutisha. Funika kwa shashi safi. Tundu lenye kina, jeraha la mwiba wa pezi, kipande cha ndoana kilichobaki ndani, hayo ni ya zahanati siku hiyo hiyo, na muulizie sindano ya pepopunda. Pepopunda haijui habasoda. Na mama zangu, mafuta ya moto yakikurukia, weka sehemu iliyoungua chini ya maji safi yanayotiririka kwa dakika 20. Dakika 20 ni ndefu, najua, samaki wanaungua kwenye karai, waache waungue. Usipake dawa ya meno, usipake yai, usipake mafuta ya aina yoyote siku hiyo, ya habasoda yakiwemo. Mafuta yanafunika joto ndani.

Mama mmoja hapa mbele ananiuliza: basi habasoda nafasi yake iko wapi? Ndiyo, sasa tumefika.

Ushahidi mkubwa tulio nao unatoka kwa panya na sungura. Watafiti wa nchi mbalimbali, wengi wao wa Uturuki, Iran, Misri na mataifa ya Asia, wamewakata au kuwaunguza wanyama hawa chini ya dawa ya usingizi, wakawapaka mafuta ya habasoda au thaimokwinoni, wakalinganisha na wasiopakwa. Mara nyingi waliopakwa walionyesha uvimbe mdogo, kidonda kilichojifunga mapema zaidi, na kolajeni iliyopangika. Kuna watafiti wa Uturuki waliotazama tumboni: baada ya upasuaji, utumbo na viungo hushikana kwa makovu ya ndani, na panya waliowekewa mafuta ya habasoda walipata mshikamano mdogo. Kwa binadamu, majaribio ni machache na madogo. Liko moja la Iran kuhusu ukurutu wa mikono, ambapo marhamu ya habasoda ilifanya vizuri karibu sawa na krimu ya betamethasoni, dawa ya hospitali ya kutuliza uvimbe wa ngozi. Ukurutu si kidonda cha panga, lakini unatuambia kwamba kwenye ngozi ya mtu aliye hai, uvimbe unaweza kutulizwa na mbegu hii.

Na upande wa pili nao upo, lazima niuseme. Madaktari wa Ulaya wameandika kuhusu wagonjwa waliopaka mafuta ya habasoda wakapata mzio mkali, ngozi ikawa nyekundu, wengine ikatoa malengelenge. Ile ile nguvu inayoua bakteria inaweza kuichoma ngozi changa.

Nikiweka haya yote pamoja, na nikiongeza ninachokiona chumbani kwangu, ushauri wangu ni huu: habasoda ni ya kovu, si ya kidonda. Subiri mpaka ngozi ijifunge yote, hakuna majimaji, hakuna gamba, hakuna mshono uliobaki. Siku hiyo, weka tone moja upande wa ndani wa mkono, ukae siku mbili. Kama hapawashi wala kuwa pekundu, changanya mafuta kidogo ya habasoda na mafuta mengine mepesi, ya nazi au ya alizeti, kisha sugua kovu kwa kidole, ukizungusha na kubonyeza mpaka linapauka kidogo. Dakika tano hadi kumi, mara mbili au tatu kwa siku, kwa miezi. Sikusema wiki. Kovu linashonwa upya kwa miezi, na anayeacha baada ya siku kumi kwa sababu haoni tofauti, anaacha kazi haijaanza.

Nitakuwa muwazi juu ya jambo moja. Kusugua peke yake, hata kwa mafuta ya kawaida, ni tiba inayotumika kwenye hospitali kubwa za watu walioungua. Kwa hiyo anayeniambia kovu lake limelainika kwa habasoda, namwamini kwamba limelainika. Sehemu gani ni ya mafuta na sehemu gani ni ya vidole vyake, hapo ndipo tunapohitaji utafiti, nami nitalirudia hilo mwishoni.

Mkinunua, nunueni chupa ya kioo cheusi au kahawia. Thaimokwinoni inaharibiwa na mwanga na joto. Mafuta yaliyokaa wiki nzima juani kwenye chupa nyeupe pembeni ya stendi yamebaki mafuta tu. Yanuse: yawe na ukali wa pilipili na majani, yasinuke kama karanga zilizooza. Angalia kama bidhaa imesajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2002. Muuzaji anayeyachakachua kwa mafuta ya kupikia hawezi kupeleka chupa yake kule kwa moyo mweupe. Na wanaokunywa: habasoda inaweza kushusha sukari na presha, na inaweza kufanya damu ichelewe kuganda. Kama unameza dawa za kisukari au presha, mwambie daktari wako. Kama una upasuaji, acha wiki mbili kabla. Mjamzito asinywe kwa vijiko.

Sasa kuna kovu ambalo siyo la kusugua, nalo tunalo sana sisi watu weusi. Keloidi. Kovu la kawaida hata likivimba hubaki ndani ya mipaka ya kidonda; keloidi inavuka, inatambaa kwenye ngozi ambayo haikuwahi kukatwa. Inaanza kwa tundu la hereni, kwa chunusi ya kidevu baada ya kunyoa, kwa chale, kwa chanjo ya begani, na mara nyingi inatokea miezi baada ya kidonda kupona, mtu amekwisha kusahau. Inawasha, inauma, na inamfanya binti avae mtandio hata kwenye joto la Februari. Nimeona waliochoma keloidi kwa habasoda iliyopashwa moto, nimeona waliokwenda kukatwa kwa wembe. Msifanye. Keloidi ikikatwa tu bila tiba nyingine, mara nyingi inarudi, na inarudi ikiwa kubwa. Tiba ipo: sindano za triamsinoloni, dawa ya kutuliza uvimbe, zinazochomwa ndani ya kovu lenyewe kila baada ya wiki kadhaa, shiti za silikoni za kubandika juu ya kovu, kubana kwa hereni maalumu, na kwa zile sugu, kukatwa kisha kupigwa mionzi bila kuchelewa. Habasoda kwa keloidi haina ushahidi wa kunifanya nimwambie mtu asubiri. Kama kwenu mna keloidi ya ukoo, usitoboe masikio ya mtoto kwa mapambo. Huo ndio ushauri bora nilio nao, na hauna gharama.

Nimebakiza kovu moja, na hili ndilo linaloninyima usingizi. Halionekani.

Nani hapa hajawahi kuambiwa ana kichocho? Tunazaliwa nacho karibu kusema, sisi wa ziwani. Kichocho cha huku ni cha tumbo. Kijidudu kinatoka kwa konokono, kinaingia kwenye ngozi wakati unasukuma mtumbwi, unaosha vyombo, mtoto anaogelea. Kinakuwa mnyoo, dume na jike wanakaa pamoja kwenye mishipa ya utumbo kwa miaka, na jike anataga mamia ya mayai kila siku. Sehemu ya mayai hayo inatoka na choo. Sehemu nyingine, kubwa, inabebwa na damu mpaka kwenye ini na kukwama humo. Mwili unafanya nini ukikuta yai limekwama? Unafanya kile kile ulichofanya kwenye kiganja cha yule kijana na punje za unga. Unalizingira, unavimba, unatengeneza kinundu, halafu unashona nyuzi kulizunguka. Yai moja si kitu. Mayai kwa miaka kumi na tano yanageuza njia ya mshipa mkuu unaoingia kwenye ini kuwa bomba la makovu. Damu inakosa pa kupita, inarudi nyuma, bandama inavimba, mishipa ya koo inajaa kama kamba, na siku moja baba wa miaka 40, ambaye juzi alikuwa anavuta nyavu, anatapika damu beseni zima. Mnawajua. Kila kisiwa kinawajua. Wengi wanasema amerogwa.

Hilo ni kovu, ndugu zangu. Ni kolajeni ile ile, seli za nyuzi zile zile, amri ile ile isiyokoma.

Mwaka 2002 watafiti wa Misri, nchi iliyoteswa na kichocho hiki hiki kwenye Mto Nile, walichapisha jambo ambalo natamani kila mtu wa ziwa alijue. Waliwaambukiza panya kichocho cha tumbo, kisha wakawapa mafuta ya habasoda. Panya hao walikuwa na minyoo michache kwenye ini, mayai machache kwenye ini na utumbo, na vile vinundu vinavyozunguka mayai vilikuwa vidogo zaidi. Tangu hapo wengine wameonyesha kwa wanyama kwamba thaimokwinoni inapunguza makovu ya ini yaliyoletwa na sumu, na makovu ya mapafu. Nikisoma haya nafurahi, kwa sababu mbegu ambayo bibi zetu wa Kiislamu wamekuwa wakiitia kwenye asali huenda ina la kusema juu ya ugonjwa unaotumaliza.

Lakini tazameni kipimo. Panya wale walipewa mililita 2.5 hadi 5 kwa kila kilo ya uzito. Mtu wa kilo 60, ukizidisha tu hivyo, ni mililita 150 kwa siku kwa kile kipimo kidogo, karibu nusu ya chupa ya soda. Wanasayansi hawazidishi moja kwa moja namna hiyo kutoka kwa panya kwenda kwa mtu, lakini mnaona kwamba kijiko cha asubuhi siyo kile kilichofanyiwa utafiti, na nusu chupa ya soda kila siku hakuna aliyetuthibitishia usalama wake. Kwa hiyo asije mtu akaniambia, "Nesi alisema habasoda inatibu kichocho." Dawa ya kichocho ni prazikwanteli, inayopimwa kwa kilo, inayogawiwa shuleni kwa watoto wetu. Inaua minyoo waliokomaa, kwa hiyo mayai mapya yanakoma, na kwa watoto hasa, kovu la ini lililokwisha kuanza linaweza kurudi nyuma kidogo kidogo. Mzazi anayemficha mtoto siku ya dawa kwa sababu inatia kichefuchefu, naomba ampe chakula kwanza, kisha ampe dawa. Kichefuchefu ni cha saa chache.

Sasa ombi langu, na hili nalisema kwa wataalamu wenzangu walioko hapa pia. Mwanza tuna hospitali ya Bugando, tuna chuo kikuu cha afya pale pale, tuna kituo cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu ambacho kinakijua kichocho cha ziwa hili kwa undani. Tuna wagonjwa, tuna makovu, tuna watu wanaopaka habasoda tayari bila kuombwa na mtu. Kwa nini jibu litoke kwa panya wa mbali peke yake? Jaribio la kovu halihitaji fedha nyingi. Chukua mtu mwenye kovu refu la mshono uliopona. Nusu ya kovu isuguliwe kwa mafuta yenye habasoda, nusu kwa mafuta yasiyo nayo, chupa zinafanana, yeye hajui wala anayepima hajui ipi ni ipi. Mkono ni ule ule, chakula ni kile kile, ukoo ni ule ule. Baada ya miezi sita pima unene, rangi, mwasho, ulaini. Hapo tutajua ni mbegu au ni vidole. La ini ni gumu zaidi, linahitaji ultrasaundi na usimamizi wa miaka, na lazima kila mshiriki apate prazikwanteli kwanza. Lakini linawezekana, na hakuna mahali pengine nchini penye sababu kubwa zaidi ya kulifanya.

Na ninyi siku mkifuatwa na watafiti wenye karatasi za ridhaa, msiwakimbie. Waulizeni maswali yote, waulizeni nani analipia, waulizeni majibu mtayapata lini, kisha mkiridhika, ingieni.

Nitakaa hapa chini ya mwembe mpaka jua litakapokuwa kali. Mwenye kidonda kilicho wazi aje kwanza. Wenye makovu waje na chupa zao za mafuta, tuzinuse na tusome lebo pamoja.